Barua kwa Mfawidhi: Fundi aliyejisemea

Mwezi huu barua tatu zimenijia zinazogusa jambo moja, nami nazijibu pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu aliyeiandika amebakiwa na siku chache za kuamua. Kwa wasomaji wapya: mimi ni muuguzi mfawidhi mstaafu, nimefanya kazi wodini miaka 34, sasa nafuga kuku hapa Tanga na kusoma barua zenu.

*Shikamoo Mama Mfawidhi. Mimi ni msimamizi wa gereji ya mabasi hapa Moshi, nina mafundi tisa. Wiki mbili zilizopita basi moja liliingia saa nne usiku, tairi la nyuma kushoto limekwisha, na alfajiri lilitakiwa liondoke kwenda Dar. Kazi nikampa kijana mwenye miezi minane kwetu. Akafunga tairi. Katikati ya kukaza nikamwita aje tusukume basi jingine lililogoma, akaja. Asubuhi basi likaondoka saa kumi na mbili kasoro robo. Saa kumi na mbili na nusu kijana akanipigia simu kutoka kwao, sauti inatetemeka: "Bosi, sina uhakika kama nilimalizia zile nati." Nikampigia dereva, akasimama Mwanga. Nati nne kati ya kumi zilikuwa zinazunguka kwa mkono. Wakazikaza, wakafika wamechelewa nusu saa. Abiria mmoja akamwambia tajiri. Tajiri anataka kijana afukuzwe au akatwe mshahara wa mwezi mzima, iwe fundisho, na amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Wenzake gerejini wanamcheka: "Kama ulishindwa kukaza nati, ungekaza mdomo." Roho inaniuma, lakini naogopa nikimwachia wengine watalegea. Nifanyeje?*
*Msimamizi, Moshi*

Marahaba mwanangu.

Ile saa kumi na mbili na nusu, dunia nzima aliyekuwa na wasiwasi na nati zile alikuwa mtu mmoja. Tajiri hakujua, wewe hukujua, dereva hakujua, na abiria walikuwa wanasinzia. Kijana angeweza kumalizia chai yake. Tairi lingechomoka huko mbele, watu wangelaumu mwendo wa dereva, au shimo la barabarani, au nati zenyewe. Lisingechomoka, dereva angezikuta zimelegea kituo cha chakula, angezikaza huku akitukana, na habari ingeishia hapo. Alikuwa na njia mbili za kunyamaza akasalimika. Akachukua ya tatu.

Sasa tajiri anataka kumkata mshahara. Yeye atasema ni kwa ajili ya nati, lakini mafundi wako wanajua ni kwa ajili ya simu. Hilo la "ungekaza mdomo" usilichukulie utani. Wameshaitafsiri hukumu kabla haijasomwa. Ukimfukuza kijana, nati zitaendelea kulegea kama kawaida ya nati. Kitakachopungua ni simu.

Nikusimulie langu. Mwaka 1991 nilikuwa zamu ya usiku wodi ya watoto, wauguzi wawili kwa watoto arobaini na kitu, msimu wa malaria, watoto wengine wamelazwa wawili wawili. Mmoja, wa miaka mitatu, alikuwa anapewa kwinini kwenye dripu kila baada ya saa nane. Saa tisa usiku nikasoma chati yake nikaona dozi ya saa nne haina saini. Nikajua imesahauliwa. Nikaitundika. Imeshaanza kuingia, mama yake akaniambia taratibu, kama anayeomba radhi, "Sista, mwenzako ametoa chupa kama hiyo sasa hivi tu."

Kwinini ikizidi hushusha sukari na kuvuruga moyo. Niliifunga, nikamwita daktari, tukakesha na yule mtoto tukimpima. Alipona. Lakini asubuhi ilipofika nilikuwa na nafasi ya kunyamaza kama kijana wako: daktari alikuwa ameshaondoka, na yule mama hakujua uzito wa alichoniambia. Nikasema kwenye ripoti ya asubuhi, magoti yakigongana. Sista wa wodi yetu alikuwa mkali kama pilipili kichaa. Aliniangalia kitambo, kisha akauliza:

"Kalamu ilikuwa wapi?"

Nilidhani ananikejeli. Kumbe anauliza kweli. Wodi nzima ilikuwa na kalamu moja, imefungwa kwa kamba kwenye meza ya wauguzi kwa sababu kalamu zilikuwa haziishi kuibiwa. Ukishampa dawa mtoto wa kitanda cha mwisho, unatembea mpaka mezani kutia saini, na njiani kuna mama anakuita mtoto wake anatapika. Mwenzangu aliitwa hivyo. Dawa aliitoa, saini ikapotelea njiani. Sista akasema mbele yetu sote, "Kamba hiyo niliifunga mimi," akachukua mkasi wa bandeji akaikata. Toka siku ile kila muuguzi akawa na kalamu yake mfukoni, na anayetoa dawa anasaini palepale kitandani. Mimi nikaambiwa mwezi mzima nisitundike dripu bila mwenzangu kusoma chati pamoja nami. Aliniambia si adhabu. Nilisikia aibu kama ni adhabu, lakini mpaka nastaafu sikuacha kusoma chati na mwenzangu.

Miaka hiyohiyo ya tisini, huko Marekani, mtafiti aitwaye Amy Edmondson alikuwa akichunguza makosa ya dawa kwenye wodi za hospitali. Alitegemea kwamba wodi zenye uongozi mzuri na watu wanaoelewana zitakuwa na makosa machache. Hesabu zikaja kinyume: ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye daftari. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1996. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba wodi zile zilikuwa zikiyasema makosa, na zile nyingine zilikuwa zikiyafunika. Siku hizi jambo hilo linaitwa usalama wa kisaikolojia, na watu wanalipia semina za hotelini kulisikia. Mimi neno lenyewe hunikwama kooni. Wodini kwetu tulisema tu: "Kwa Sista yule unaweza kusema." Na mkali alikuwa mkali kwelikweli, usije ukadhani nazungumzia upole.

Kwa hiyo tajiri akijisifu kwamba gereji yake haina makosa, wewe mwenzangu panda basi la jirani.

Turudi kwenye barua yako. Kuna neno umeliandika kwa kupita, kama mtu anayeruka dimbwi: *nikamwita*. Kijana alikuwa kwenye tairi, spana mkononi, nani aliyemtoa pale? Sikuandikii kukuumiza, na kosa lake analo, maana alipomaliza kusukuma alipaswa kurudi kwenye tairi lake. Lakini kamba iliyofungwa mezani kwenu ni hiyo, na aliyeifunga ni wewe. Nina shaka kama tajiri ameshalisikia hilo.

Nenda kwake mwenyewe, ana kwa ana, si kwa simu, na uanzie hapo. "Mzee, mimi ndiye niliyemtoa kwenye tairi kabla hajamaliza." Baada ya hapo zungumza hesabu, kwa kuwa ndiyo lugha yake. Basi limechelewa nusu saa. Weka nusu saa hiyo upande mmoja, upande wa pili weka basi lililolala ubavu likiwa na watu. Muulize ile simu ingekuwa na bei, angeinunua kwa shilingi ngapi, kisha muulize kwa nini anataka kumtoza aliyempa bure. Akiendelea kung'ang'ania, hapo ndipo umtajie, polepole, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwajiri hakati mshahara kufidia hasara kwa kuamka tu asubuhi: lazima aiandike hasara yenyewe na kiasi chake, ampe mfanyakazi nafasi ya kuipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Mwezi mzima haupo. Na kufukuza kunataka sababu ya haki na utaratibu wa haki. Sheria iweke mwisho. Tajiri akiisikia mwanzoni hufunga masikio.

Hofu yako kwamba wengine watalegea naielewa, na sikubaliani na wanaosema kila kosa lisamehewe. Mtu aliyesahau kwa sababu ameitwa, akajishtukia, akasema, huyo unamfundisha na unarekebisha palipomkwaza. Mtu aliyeandika "nimekaza" hali anajua hakukaza, huyo ni habari nyingine kabisa. Niliwahi kumtoa wodini muuguzi aliyejaza joto la wagonjwa ishirini bila kugusa kipimajoto. Wote ishirini walikuwa 36.8. Hakulala njaa, alihamishiwa kazi ya karatasi, lakini kwa wagonjwa wangu hakurudi, na sikuwahi kujuta. Wenzake walielewa tofauti yake na mimi wa kwinini bila semina.

Basi fanya mambo ya gereji. Weka amri kwamba fundi aliye kwenye tairi haitwi na mtu yeyote, hata wewe, mpaka nati ya mwisho. Basi jingine likigoma, lisubiri. Ikibidi kabisa aondoke, aache alama isiyopitwa. Marehemu mume wangu aliendesha lori Tanga–Arusha miaka mingi, na kila akifungua tairi aliiweka spana juu ya kiti cha dereva. Huwezi kukaa na kuondoka bila kuikalia. Nati zikishakazwa zipigwe mstari wa rangi unaotoka kwenye nati kuingia kwenye rimu, ili hata kwa tochi usiku uone iliyohama. Fundi wa pili apite akague, aandike jina lake. Na tairi lililofungwa upya hukazwa tena baada ya kilomita kama 50 hadi 100. Dereva aliambiwa asubuhi ile kwamba tairi limefungwa usiku? Barua yako haisemi.

Kijana mwite pembeni. Mwambie kwamba simu ile ilikuwa sawa, kisha mkae mwelezane usiku ule ulivyokwenda, hatua kwa hatua, wewe ukieleza na ya kwako. Usimsimamishe mbele ya wenzake ukampigia makofi. Watamchukia, na yeye atatamani ardhi ipasuke.

Mbele ya wote simama wewe. Jumatatu asubuhi, kabla ya kugawa kazi, sema: "Nilimwita mtu katikati ya tairi, nikataka kuua watu." Halafu uliza mwezi huu kila mmoja wao ni nini kilimponyoka au nusura kimponyoke. Hawatajibu. Usiwajazie kimya chao kwa maneno, na usikasirike. Jumatatu ya pili pia watakuwa wanaangalia viatu. Ya tatu au ya nne kuna mmoja atatoa jambo dogo, sijui kopo la oili lisilofungwa vizuri, kukupima. Siku hiyo wote watakuwa wanautazama uso wako. Ukikunja ndita, umerudi mwanzo.

*Habari za kazi Mama. Mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, Mombasa. Mwezi jana niliona nambari ya kontena tuliyoiandika haifanani na ya kwenye hati ya shehena. Nikamuuliza bosi, "Hii nambari iko sawa?" Akajibu bila kuinua macho, "Nimeshaiangalia." Nikanyamaza. Kontena limekaa siku tano likila pesa za kuhifadhiwa, na sasa bosi anang'aka kwa nini hakuna mtu aliyemwambia. Nilimwambia! Ama sikumwambia?*
*Karani, Mombasa*

Ulimuuliza, mwanangu. Hukumwambia.

Usijione wa kwanza. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na moja ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ukungu umetanda. Rubani mkuu wa KLM alikuwa mkufunzi mwenye jina kubwa katika shirika lake, hata picha yake ilikuwa kwenye matangazo ya kampuni. Akaanza kukimbiza ndege kabla hajaruhusiwa. Mhandisi wa ndege, aliyeketi nyuma yake, akauliza kama ile ya Pan Am bado haijatoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuongeza neno. Ndege zikagongana, wakafa watu 583. Alichouliza yule mhandisi na ulichouliza wewe ni ndugu wa baba mmoja: swali jepesi, lililoacha mlango wazi ili mkubwa atoke bila kuaibika.

Baada ya ajali ile na nyingine za namna yake, mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha wahudumu wa chumba cha marubani kusema na marubani wakuu kusikia. Shirika la United la Marekani lilianza mwaka 1981. Kinachofundishwa ukikitoa kwenye ndege kinakuja mpaka mezani kwako: mwite mtu, sema unachokiona, sema unachokihofia, sema unachotaka kifanyike. Kama hivi: "Bosi, hati ya shehena inaishia na 7, sisi tumeandika 1. Tukiipeleka hivi kontena litazuiwa. Naomba nisiitume mpaka tuilinganishe." Hakuna utovu wa adabu hapo. Wala huhitaji kuanza na "samahani kama nakosea" mara tatu, maana ikifika ya tatu ameshaacha kusikiliza.

Akisema tena ameshaiangalia, mwandikie mistari miwili kwenye WhatsApp au barua pepe. Si kwa kumtega. Maneno ya mdomo hupotea mezani kama risiti.

Na mradi anauliza kwa nini hakuna aliyemwambia, nenda ukamjibu wiki hii, kabla swali halijapoa. Jibu la kweli ni kwamba hakuinua macho. Pengine usilitoe namna hiyohiyo.

*Bibi, nakusoma kila mwezi. Lakini haya ya kuwafundisha wadogo wawakosoe wakubwa zao kazini ni ya Kizungu. Sisi tumelelewa: mkubwa akisema, mdogo ananyamaza. Mnawaharibu vijana.*
*Mwalimu mkuu mstaafu, Dodoma*

Shikamoo Mwalimu, maana huenda umenizidi umri.

Kwamba ni ya Kizungu, sijui. "Mficha maradhi kifo humuumbua" hatukuazima kwa mtu. Kweli tunayo pia "funika kombe mwanaharamu apite", na ofisi nyingi nilizozijua ziliishi kwa hiyo. Lakini lugha yetu ina mlango mpana kwa mdogo mwenye jambo. "Mzee, naomba nikukumbushe." "Bibi, kwa ruhusa yako." Mlango upo na una adabu zake. Wakubwa wengine ndio waliouwekea kabati nyuma.

Nikupe mfano wa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu karatasi ya ukaguzi wa upasuaji, lilichagua hospitali nane duniani, na moja ilikuwa Ifakara, kwetu Morogoro, pamoja na za Toronto, London, Manila na kwingine. Ilikuwa kati ya 2007 na 2008. Karatasi yenyewe ni fupi, lakini ndani yake kuna jambo lingekushangaza Mwalimu: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake, hata muuguzi wa mwaka wa kwanza, na muuguzi ndiye anayetamka mwishoni kwamba vifaa na vitambaa vimehesabiwa vikatimia. Walipima wagonjwa 3,733 kabla ya kuanza kuitumia na 3,955 baada ya hapo, hospitali zote nane kwa pamoja. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Siwezi kukuambia ni kiasi gani kimetokana na kukumbushwa dawa na kiasi gani na kutajana majina. Ila nimekaa thieta, najua mtu ambaye ameshatamka jina lake chumbani haoni tabu kufungua mdomo mara ya pili.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa thieta na binti mmoja mwenye miezi sita kazini na daktari bingwa ambaye kila mtu alikuwa akimwogopa, mimi nikiwemo. Daktari anataka kushona, binti akasema, "Dokta, kitambaa kimoja hakijatimia." Daktari akasimama na sindano mkononi. Tukahesabu upya. Kimoja hakijatimia. Akatafuta ndani ya tumbo, dakika kumi nzima, jasho linamtoka. Hakipo. Mwishowe mhudumu akakiona: kimegandia chini ya ndoo ya taka, muda wote kilikuwa sakafuni.

Binti alikuwa ameinamisha kichwa akisubiri kutukanwa. Daktari akaanza kushona. Alipofika mshono wa tatu au wa nne akasema, bila kumtazama, "Na kesho uhesabu hivyohivyo."